Uchumaji mapato: mtandao wa kijamii unachuma kwa nani?

Vijana wanaorusha video mtandaoni, Dar es Salaam kama Nairobi, wana neno lao: kumonetaizi. Akaunti ama imemonetaiziwa ama bado, na anayeulizwa habari za kazi yake huanzia hapo. Neno hili la mkopo limekwisha kuvaa viambishi vya Kiswahili na linanyambulika bila shida, kwa hiyo si haki kulikataa kwa sababu tu lilizaliwa ugenini. Kasoro yake ni nyingine: linaarifu kwamba kitu kimegeuka pesa, lakini halisemi pesa hiyo imetoka mfukoni mwa nani. Fasiri ya maelezo, "kugeuza kuwa pesa", ina kasoro hiyohiyo, na juu yake ni ndefu. Neno la tatu ni "uchumaji mapato", ambalo limeanza kuonekana katika tafsiri za Kiswahili za programu za simu, pamoja na kitenzi chake, "kuchuma mapato". Hili la tatu ndilo linalofaa zaidi, kwa kuwa linamdai msemaji jibu la swali ambalo biashara ya mitandao ya kijamii imeishi kwa kulikwepa. Unachuma kwa nani?

Kuchuma ni kukwanyua tunda, jani au ua kwenye mmea: mchicha huchumwa, embe huchumwa, karafuu huchumwa. Ni pia kupata faida kwa kazi au biashara, na kwa njia hiyo ya pili lugha imetupa mchumo, mchumi na uchumi wenyewe, pamoja na yule mchumia juani anayekula kivulini. Maana zote mbili zinadai shina, maana mtu hachumi hewani. Penye uchumaji wa karafuu, Unguja na Pemba, swali la mikarafuu ni ya nani na mchumaji anapata nini kwa kila pishi halisubiri kuulizwa na mtaalamu. Neno hili likipelekwa mtandaoni linakwenda na maswali yake. Kijana anaposema akaunti yake inachuma, kuna mchumaji mwingine aliyemtangulia: YouTube imekwisha kuchuma kwa mtangazaji, nayo humwachia mwenye video ndefu asilimia 55 ya mapato ya matangazo yaliyowekwa humo. Wachumaji ni wawili, na mazungumzo ya mtaani humtaja mmoja tu, tena yule mdogo. Ninachokichunguza hapa ni uchumaji wa yule mkubwa, yaani mtandao wenyewe, na kama anaweza kuchuma kwingine pasipo kuuza macho ya watu kwa wenye matangazo.

Kwamba leo anategemea matangazo, hilo halina ubishi. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata takriban dola bilioni 135, na karibu asilimia 98 ya hizo zilitokana na matangazo. Kibiashara, mteja wa Facebook ni mtangazaji. Sisi tunaopiga soga humo tunaitwa watumiaji, na neno limetupata sawasawa: mtumiaji hatumiwi ankara, na asiyetumiwa ankara hana dukani sauti ya mnunuzi. Lakini wastani huo wa dunia unaficha jambo linalotuhusu sana. Katika robo ya mwisho ya mwaka huohuo, Facebook ilipata wastani wa dola 68 na ushee kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Kwa Asia, na kwa kundi ambalo kampuni huliita kwingineko duniani, ambamo Afrika imewekwa pamoja na Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati, wastani haukufika dola 6 kwa miezi mitatu. Hiyo ni chini ya dola 2 kwa mwezi, na ndani ya kundi hilo sioni sababu ya kudhani kwamba mtu wa Singida humletea mtangazaji faida kumshinda mtu wa São Paulo. Kampuni ya California inapoapa kwamba haiwezi kuishi bila matangazo, inasema kweli kuhusu soko la California. Kwetu, pengo ambalo njia nyingine ingepaswa kuliziba ni dogo mno kuliko tunavyoaminishwa.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu akilini ni kutoza kiingilio, na ushahidi dhidi yake ni mzito. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, watu waliokuwa wamefanya kazi Yahoo na kuyachoka matangazo. Walitoza senti 99 za dola kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza wa bure. Bei ilikuwa ndogo kuliko soda mbili, lakini mwaka 2013, ikiwa na mamia ya mamilioni ya watumiaji, kampuni iliingiza dola milioni 10 na kidogo tu. Facebook iliinunua mwaka 2014 kwa kiasi kilichotangazwa kuwa dola bilioni 19, na Januari 2016 ada ikafutwa. Sababu iliyotolewa inastahili kukumbukwa: watumiaji wengi hawakuwa na kadi ya benki, na walihofia kwamba mwaka wa kwanza ukiisha wangekatiwa mawasiliano na jamaa zao. Ada ndogo iliwashinda watu kwa sababu ya bomba la kuipitishia, si kwa ukubwa wake. Baadaye WhatsApp ilianza kuchuma kwa makampuni yanayolipia ujumbe yanaowatumia wateja, na mwezi wa Juni 2025 ikatangaza kuweka matangazo katika sehemu ya statasi, jambo ambalo waanzilishi wake walikuwa wameapa halitatokea.

App.net ya Marekani ilikwenda kwa watu wenye kadi, tena wenye msimamo. Mwaka 2012 Dalton Caldwell aliwaomba wapenzi wa teknolojia wachange ili ujengwe mtandao usio na tangazo hata moja, kwa dola 50 kwa mwaka. Michango ilivuka nusu milioni ya dola iliyokuwa shabaha, magazeti yakasifu, na mwaka 2014 ilipofika zamu ya kulipa upya, waliobaki hawakutosha kugharimia mishahara. Mwaka 2017 ukafungwa. Mtandao wa kijamii una thamani kwa sababu ya waliomo, na kiingilio humzuia mlangoni yule ambaye wengine wangelipa ili wamkute. Uganda ililipima jambo hili kwa nchi nzima bila kukusudia. Tangu Julai 1, 2018, serikali ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayefungua Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ya aina hiyo, baada ya Rais Museveni kulalamika katika barua juu ya hasara ya lugambo, yaani umbea. Ilikuwa kodi, si ada ya mtandao, na hasira ya kisiasa ilichangia watu kuikwepa kwa VPN. Hata hivyo funzo la kibiashara lilibaki: hesabu za watumiaji wa intaneti zilishuka, makusanyo hayakufikia matarajio, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ikawekwa tozo ya asilimia 12 juu ya bando.

Ipo pia ada ya kinyume, ambayo mtu hulipa ili aachwe. Novemba 2023 Meta iliwapa watumiaji wa Umoja wa Ulaya hiari: ukubali kufuatiliwa kwa ajili ya matangazo, au ulipe euro 9.99 kwa mwezi kupitia wavuti, euro 12.99 ukilipia kwenye simu. Tume ya Ulaya iliona hiari hiyo si hiari, na Aprili 2025 ikaitoza Meta faini ya euro milioni 200. Malipo ya namna hii hayafai kuitwa uchumaji mpya. Shina ni lilelile la matangazo, na bei imepangwa kwa kipimo cha tangazo lililokosekana. Kiswahili kina neno la pesa inayotolewa ili mateka aachiliwe, nalo ni kikombozi.

Kabla ya kwenda mbele yafaa kueleza kwa nini watu hukataa hata kulipa kidogo. Mwaka 1999 Nick Szabo aliandika juu ya kile kinachoweza kuitwa gharama ya kuamua: kila malipo, hata ya senti moja, humtaka mtu asimame ajiulize kama kitu kinastahili, na kero ya kujiuliza huweza kuzidi bei. Mwaka uliofuata Clay Shirky alijenga juu ya hoja hiyo akatabiri kwamba malipo madogo madogo kwa kila ukurasa unaosomwa hayatafanikiwa. Kwa kurasa na habari alikuwa sahihi, maana haba na haba haikukijaza kibaba. Lakini hoja ya wote wawili inamchukulia mlipaji kama mnunuzi anayetaka kumaliza haraka, na katika mambo ya watu na watu mlipaji wa aina hiyo ni nadra. Anayemtunza mwimbaji wa taarabu haingii ukumbini akiona kero kuamua. Anaamua kwa madaha: anasubiri ubeti unaomhusu yeye au hasimu wake, anainuka, anacheza polepole mpaka jukwaani na noti iko juu mkononi, na ukumbi mzima unaelewa nani amesemwa. Kulipa kwake ni kauli. Ukimwondolea uamuzi, kwa mfano ukamkata kiasi hicho mlangoni pamoja na tiketi, umemwondolea kile alichokuja kukinunua.

Mitandao iliyochuma sana bila kutegemea matangazo imechuma mahali hapo hasa, kwenye hamu ya mtu kuonekana na kutoa mbele ya wenzake. Tencent ya China ilianzisha QQ mwaka 1999 kama huduma ya bure ya kutumiana ujumbe, ikahangaika kupata pesa ya seva, mpaka mwaka 2003 ilipowafungulia vijana duka la nguo za katuni zinazowawakilisha. Walinunua mashati, nywele na mandhari kwa sarafu za Q, moja ikiwa sawa na yuani moja. Sarafu hizo zilienea kiasi kwamba mwaka 2007 mamlaka za China, Benki Kuu ikiwemo, zilitoa onyo juu ya matumizi yake nje ya michezo na huduma za mtandao. Mwaka 2008 matangazo yaliiletea Tencent kidogo tu zaidi ya moja ya kumi ya mapato yake. Sehemu kubwa zaidi ilitoka kwa watumiaji wenyewe, katika michezo, mapambo na huduma za nyongeza. Korea Kusini, watumiaji wa Cyworld walinunua dotori, yaani tunda la mwaloni, kila moja wani 100, wakapambia kurasa zao na kuweka muziki ambao mgeni angeusikia akiingia. Waliolipia muziki huo waliulipia kwa ajili ya masikio ya wengine.

Afrika haikusubiri kufundishwa hilo. Mxit ya Afrika Kusini, iliyotoka Stellenbosch chini ya Herman Heunis, ilikuwa na pesa yake iliyoitwa Moola, ambayo kijana aliinunua kwa salio la simu bila kadi wala akaunti ya benki, akalipia vyumba vya soga na mapambo. Na huko Kenya, wanaoshangaa kwamba mtu anaweza kulipia pambo lisilo na umbo wasikilize simu inavyoita. Skiza ya Safaricom hukata ada ndogo ili mpigaji asikie wimbo uliouchagua wewe mwenye namba, wimbo ambao wewe mwenyewe husikii unapopigiwa. Haina manufaa yoyote ya kimwili, na watu kwa mamilioni wameilipia. Mtaalamu wa masoko akija na nadharia kwamba Mwafrika hulipia tu kitu cha lazima, mwache apige simu chache.

Kwa hiyo ndani ya istilahi yetu yafaa kupanga matawi kwa kufuata shina. Kuna kuchuma kwa tangazo, kuchuma kwa ada, kuchuma kwa kamisheni, kama WeChat ilivyoanza mwaka 2016 kukata asilimia 0.1 mtu anapozidisha kiwango fulani akihamishia benki pesa alizotumiwa na wenzake. Na kuna kuchuma kwa tuzo, ambako mtandao hupata fungu katika kile watu wanachotunzana. Neno tuzo lina ubaya wa kukumbusha tuzo za filamu na za uandishi. Hata hivyo "zawadi", linalotumika sasa kwenye video za moja kwa moja za TikTok, linaficha kwamba fedha zimepita, tena kwamba kuna aliyekata fungu njiani. Kutunza kunasema wazi kwamba pesa inatolewa, hadharani, kwa mtu aliyefanya jambo. Kamusi ikiandika kidahizo cha "kuchuma mapato", mfano wake wa sentensi uwe na "kwa": kampuni hii inachuma kwa watangazaji, ile inachuma kwa wanaotunza.

Pingamizi la kwanza ni la umaskini, nalo hutolewa kwa nia njema. Litasema kwamba tangazo, pamoja na kero yake, linamfikishia maskini huduma ile ile ya tajiri, na kwamba ukiliondoa utawabagua wasionacho. Pingamizi hili linaivunja ada ya kiingilio kabisa, kama Uganda ilivyoonyesha. Tuzo haliligusi, kwa kuwa hapo asiyelipa hafungiwi mlango. Ndiye hadhira, na bila hadhira anayetunza hana pa kuonekana. Wachache hubeba wengi, na huo ndio uliokuwa utaratibu wa QQ na wa Cyworld. La pili ni kali zaidi: wale wachache wenye kulipa ndio hao hao mtangazaji anaowataka, kwa hiyo mtandao hauwezi kuwauza mara mbili. Ni kweli, na ndiyo sababu Meta ilipanga bei kubwa kiasi kile Ulaya. Lakini uzito wa pingamizi hupungua kadiri mtangazaji anavyolipa kidogo. Mtu anayeleta dola 2 kwa mwezi kwa tangazo anafidiwa na jirani yake anayetunza shilingi mia mbili tatu za Kenya, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko ambavyo watu hutuma kwenye kundi moja la harusi.

Atakayesema kwamba gharama za kuendesha mtandao ni kubwa kupita hesabu za namna hii, aangalie Signal. Si mtandao kamili wa kijamii, lakini ina ujumbe, simu na video kwa watu wengi sana, haina tangazo, na inaishi kwa michango na kwa fedha za kuanzia dola milioni 50 alizotoa yuleyule Brian Acton mwaka 2018. Mwaka 2023 ilikadiria kwamba gharama zake zingefika takriban dola milioni 50 kwa mwaka ifikapo 2025. Ni fedha nyingi kwa taasisi inayoishi kwa hisani, na mtu asidhani michango mitupu inaweza kubeba kila mtandao. Kwa Meta, ambayo huingiza kiasi hicho chini ya saa nne, ni chenji. Sehemu kubwa ya kinachoitwa gharama ya mtandao ni gharama ya kumjua mtumiaji vya kutosha ili kumuuza.

Pingamizi la tatu siwezi kulijibu kwa hesabu. Tuzo lenyewe lina uchafu wake. Mwaka 2022 BBC ilifuatilia familia za wakimbizi nchini Syria zilizokuwa zikiomba zawadi kwenye TikTok kwa saa nyingi, na ikaripoti kwamba mtandao ulibakiwa na hadi asilimia 70 ya kilichotolewa. TikTok ilikikana kiwango hicho na kuzifunga akaunti zilizohusika, lakini haikutaja kiwango chake kamili. Watoto hutumia pesa za wazazi, na wapo watu wazima wanaotunza mpaka wakafilisika. Anayedai kwamba kuchuma kwa tuzo ni kusafi kwa sababu hakuna tangazo atakuwa amebadilisha shina akabaki na tamaa ileile. Tofauti ninayoiona ni kwamba dhambi hii inahesabika. Fungu la mtandao linaweza kutajwa kwa asilimia na kuwekewa kikomo na msimamizi wa mawasiliano, umri unaweza kudaiwa, kiasi cha siku kinaweza kupangiwa ukomo. Uuzaji wa macho ya mtu haujawahi kumpa mtu huyo risiti.

Kikwazo kikubwa kwetu hakimo katika tabia za watu. Kimo njiani ambamo pesa hupita. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilikwisha kutatua lile lililoishinda WhatsApp miaka tisa baadaye, yaani kumlipisha mtu asiye na kadi. Malipo madogo madogo yakawa jambo la kawaida Afrika Mashariki kuliko Ulaya. Kisha serikali zikayaona. Tanzania ilianza Julai 2021 kutoza miamala ya simu kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 juu ya ada za kampuni, kelele zikawa nyingi, tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi miwili, na baadaye ikashushwa tena. Kenya mwaka 2023 ilipandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kutoka asilimia 12 hadi 15. Tozo za namna hii hazimtishi anayetuma karo. Humuua anayetunza shilingi ishirini. Juu yake kuna maduka ya programu ya Apple na Google, ambayo kwa kawaida hukata kati ya asilimia 15 na 30 ya kinachonunuliwa ndani ya programu, na tofauti ile ya euro 3 kati ya wavuti na simu katika bei ya Meta ilikuwa fungu lao, limehamishiwa kwa mlipaji. Kwa bei za sasa za M-Pesa, shilingi 50 za Kenya husafiri bure kutoka simu ya mtu hadi simu ya mwenzake, kwa kuwa miamala isiyozidi shilingi 100 haina ada. Zikipita ndani ya programu, duka likakata theluthi kasoro, mtandao ukachukua nusu ya kilichobaki, aliyetunzwa anapokea shilingi 17 na nusu, na hapo bado hajazitoa kwa wakala.